Maswali ya Wasomaji: CD nyingi za programu, mkoba mdogo

Swali: Kila nikisafiri na laptopu nabeba CD 14 za kusakinishia programu. Naweza kuzikusanya kwenye DVD chache? Nilijaribu programu moja ya CD mbili; ilifika katikati, ikadai CD ya pili, ikagoma.

Jibu: Inawezekana, na kugoma huko kuna sababu. Tuanze na nafasi. DVD ya kawaida huandikwa GB 4.7, ila Windows itakuonyesha kama 4.37 kwa sababu huhesabu kwa 1,024 badala ya 1,000. Hapo zinaingia CD sita zilizojaa, za MB 700 kila moja. CD nyingi za programu hazijai, hivyo huenda DVD mbili zikakutosha.

Kila CD ipe folda yake yenye jina la programu na toleo, kisha nakili vyote vilivyomo, hata mafaili yaliyofichwa. Usimwage CD mbili kwenye folda moja: karibu zote zina setup.exe, faili la kuanzishia usakinishaji, na la pili litafuta la kwanza. DVD hiyo haitajiendesha yenyewe ukiiingiza, kwa kuwa autorun.inf sasa limo ndani ya folda. Fungua folda, ubofye setup.exe mwenyewe.

Sasa ile iliyogoma. Visakinishi vingi husoma jina la diski, lile linaloonekana kando ya herufi ya draivu, au hutafuta kifaili cha alama kwenye CD ya pili. Ukishaitia CD kwenye folda, jina lile halipo tena. Kwanza ziite folda disk1 na disk2, zikae pamoja. Baadhi ya visakinishi huzitambua. Ikishindikana, tengeneza faili la ISO la kila CD, yaani diski nzima ndani ya faili moja, na jina lake. Siku ya kusakinisha, hamishia ISO kwenye diski ya laptopu. Kuanzia Windows 8, ukilibofya mara mbili hufunguka kama draivu mpya. Windows 7 huhitaji programu ya draivu bandia.

CD ya kuwashia kompyuta iache kama ilivyo. Sehemu yake ya kuwashia haimo kwenye mafaili unayoyaona, kwa hiyo nakala ya folda itasomeka vizuri lakini kompyuta haitawaka nayo. Michezo yenye kinga ya kunakili nayo ibebe kwa CD yake halisi.

Choma DVD kwa kasi ya 8x, kwa mfumo wa mafaili wa UDF ili majina marefu yasikatwe, na uache uhakiki umalizike hata kama una haraka. Usibandike lebo ya karatasi: ikibanduka ndani ya draivu, DVD hukwama. Namba za leseni, tafadhali, zinakili kabla hujaondoka. Mara nyingi zimechapwa kwenye kasha, na kasha ndilo unaloliacha.

Swali: Laptopu yangu haina draivu ya DVD. Flashi ya GB 32, tupu kabisa, inakataa ISO ya GB 5. Mbovu?

Jibu: Si mbovu. Imefomatiwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, ambao haupokei faili moja la kufikia GB 4, nafasi iwe tele namna gani. Ifomati upya kwa exFAT. Kumbuka kufomati hufuta kila kilichomo.