Uliza Tukujibu: Usiku wa Mvua Kambini na Siku ya Mapumziko Kondoa

Barua kadhaa za safari hii zinahusu misafara ya baiskeli ya kuchangia madawati, vyoo vya shule na viti vya magurudumu. Tumechagua zinazohusu mvua. Kati ya Desemba na Aprili ndipo misafara mingi ya Dodoma inapoharibikiwa, na sehemu kubwa ya madhara huzuilika kabla jua halijazama.

Shikamooni. Sisi ni vijana 14. Januari tutaendesha kutoka Dodoma hadi Babati kuchangia viti vya magurudumu vya wanafunzi, na njiani tutalala kwenye mahema. Upande wa Chemba tumeona korongo la mchanga, kavu, tambarare, na kando yake kuna mbuyu mkubwa. Nusu yetu wanapataka, nusu wanakataa. Tuamueje? — Katibu wa msafara, Area C

Marahaba. Wanaokataa wana haki, kwa korongo na kwa mbuyu pia.

Mito mingi ya huku hukaa kavu karibu mwaka mzima, kisha hupitisha maji kwa saa chache tu baada ya mvua kubwa. Mvua hiyo si lazima inyeshe mlipo. Inaweza kupiga vilimani, kwenu nyota zinaonekana, halafu usiku wa manane maji yakawafikia yakiwa na matope na magogo. Kagueni vichaka vya ukingoni: majani makavu, vijiti na mifuko ya plastiki iliyonasa matawini huonyesha kimo maji yalichofikia. Kaeni juu ya alama hiyo kwa zaidi ya kimo cha mtu, na hatua 50 hivi kutoka ukingoni, maana kingo za udongo mwekundu humeguka zikilowa.

Mbuyu uliosimama peke yake huvuta radi. Umeme unaweza kuruka kutoka shinani kwenda kwa mtu aliye jirani, na hutambaa pia ardhini kuzunguka mizizi. Tena mti wa mbuyu ni laini na umejaa maji, na tawi lake likikatika kwa upepo linaua.

Mahali pa tatu pa kuepuka ni mbuga ya udongo mweusi. Wakati wa kiangazi ina nyufa za kuingiza mkono, lakini ikilowa hufumba, maji hutuama, na asubuhi tope linajaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu haligeuki.

Panapofaa ni penye udongo wa kichanga na mteremko mdogo, katikati ya vichaka vifupi vinavyolingana. Kabla ya kufungua mizigo, nendeni kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji mkaombe ruhusa, na muulizeni swali moja: mvua kubwa ya mwisho, maji yalipita wapi? Ombeni pia ufunguo wa darasa. Radi ikikaribia mtahamia humo, kwa sababu hema haliikingi hata kidogo. Banda la wazi la bati nalo halikingi. Gari la kusindikiza lenye paa la chuma na vioo vilivyopandishwa linafaa, ila si nyuma ya pikapu.

Mkiona mwanga, hesabuni sekunde hadi ngurumo isikike, mgawe kwa 3. Mnapata umbali kwa kilomita. Sekunde zikiwa chini ya 30, ingieni ndani, mkae mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Baiskeli ziacheni mbali na watu, zisiegemezwe kwenye hema. Na jambo hili kila mmoja wenu alijue kabla ya kuondoka: aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini, anaweza kushikwa papo hapo. Akiwa hapumui, piga 112 na uanze kumbonyeza katikati ya kifua, kina cha sm 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike.

Hema letu liling'olewa na upepo hata kabla ya tone la kwanza. Vigingi tulivikita vyote, ila ardhi ilikuwa ya kichanga. Baadaye maji yalipita chini ingawa tulitandika turubai. Tuchimbe mfereji kulizunguka? — Msomaji, Kibaigwa

Upepo ule wa baridi wenye vumbi ni hewa iliyopozwa na mvua. Inaporomoka kutoka winguni na kusambaa ardhini mbele ya mvua yenyewe. Kwa hiyo hutoka lilipo wingu. Elekezeni huko upande wa hema ulio mfupi na wa chini, mlango uwe upande wa pili, na vigingi vya upande wa wingu vikitwe kwanza.

Vigingi vyembamba vinavyouzwa pamoja na mahema ya bei nafuu havishiki mchanga. Nunueni nondo ya mm 10, ikatwe vipande vya sm 40, fundi wa kuchomelea avikunje vichwa. Mnapopigilia, kila kigingi kilale: kichwa kiwe mbali na hema, ncha ielekee chini ya hema, na kamba ikae pale kigingi kinapoingia ardhini. Ikifungwa juu, upepo unakikunjua kigingi mpaka kitoke. Penye mchanga mtupu achaneni na vigingi. Jazeni kiroba cha kilo 25 robo tatu kwa mchanga, kifungeni kamba kiunoni, kifukieni sm 30 au 40 kwenda chini na kukanyagia juu.

Kamba za nailoni hulegea zikilowa, kwa hiyo mtu mmoja atoke kuzikaza mvua ya kwanza ikipungua, radi ikiwa imeondoka. Kamba ya katani hufanya kinyume. Ikilowa hujikaza, basi iacheni na ulegevu kidogo, la sivyo itang'oa kigingi chenyewe.

Maji yaliingia kwa sababu ya turubai, tuna hakika karibu kabisa. Likichomoza nje ya hema, hukinga maji yanayochuruzika ukutani na kuyapeleka moja kwa moja chini ya migongo yenu. Likunjeni ndani, liwe dogo kuliko sakafu ya hema kwa sm 10 kila upande. Madirisha ya juu yaacheni wazi kidogo hata mvua ikinyesha, vinginevyo pumzi za watu watatu hugeuka umande na asubuhi mtadhani hema linavuja.

Mfereji hapana. Udongo wa Dodoma humomonyoka upesi mno. Kondoa ilifikia hali ambayo serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikahamishwa katika eneo lililoharibika zaidi ili ardhi ipone. Mfereji wenu wa usiku mmoja ni mwanzo wa korongo katika shamba la mtu. Hamisheni hema hatua kumi.

Baada ya usiku wa mvua tutapumzika siku nzima Kondoa mjini. Baiskeli nyingi ni Phoenix za breki za vyuma, chache za gia. Kuna fundi ametushauri tupake minyororo oili chafu ya gari. Ni sahihi? — Fundi wa kujitolea, Ipagala

Si sahihi. Oili iliyotoka kwenye injini ina masizi na unga wa chuma, na unga huo husaga pini za mnyororo. Tumia oili mpya, na si nyingi: kichupa cha ml 100 kinatosha baiskeli 14.

Anza asubuhi tope likiwa bado bichi. Mwagia maji kwa jagi kutoka juu. Usipeleke baiskeli kwenye mashine ya kuoshea magari, kwani maji ya kasi hupenya kwenye beringi na kuiondoa gresi. Sugua mnyororo kwa mswaki wa zamani uliochovywa mafuta ya taa, futa, anika juani saa nzima. Kisha tia tone moja kwenye kila kiungo, zungusha pedali kama mara 20, subiri dakika 10, halafu ufute nje mpaka kitambaa kitoke karibu safi. Hatua hii ya mwisho ndiyo watu wengi huiruka. Oili inayofanya kazi iko ndani ya viungo. Ya nje hushika vumbi tu, na vumbi la barabara ya Kondoa likichanganyika na oili linakuwa msasa.

Wakati mnyororo ni safi, upime. Kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 25, mnyororo mpya una sm 30.5. Ukifika 30.8 badilisha, kwa sababu utaanza kula meno.

Chomoa kiti, ukiwa umeweka alama ya kimo kwa utepe, kisha upindue baiskeli. Mara nyingi maji hutoka kwenye fremu, na yakiachwa hushuka kwenye beringi za pedali. Pakaa gresi bomba la kiti kabla ya kulirudisha.

Breki za Phoenix zinahitaji uangalifu zaidi kuliko vyote. Mpira juu ya rimu ya chuma iliyolowa hushika vibaya sana. Chokoa punje za mchanga zilizozama kwenye mpira kwa sindano, kwangua uso wake kidogo kwa msasa, na ufute rimu ikauke. Siku ya milima ya Bereko, mvua ikiwakuta, kila mtu abonyeze breki kidogo kidogo mapema ili zifute maji kabla ya kuzihitaji, na waachiane nafasi ya mita 30.

Mvua ikipita, migunga na mbigili nazo zitadai haki yao. Kiraka hubanduka kwa sababu tyubu haikukauka au gundi haikusubiriwa. Kausha kabisa, piga msasa eneo linalozidi kiraka, pakaa gundi nyembamba, subiri dakika 5 hadi ing'are kidogo tu, ndipo ubandike na kubana kwa dakika 2. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi. Mwiba uliobaki utakinasa, na vidole vyako vitapona.

Wenzangu wanataka kutumia siku ya mapumziko Kondoa kupanda kuona michoro ya miambani ya Kolo. Mimi nina michubuko ya kiti na miguu imekaza. Niende? — Dada mwendesha baiskeli, Bahi

Pole, dada. Usiende, na wenzako pia wasiende siku hiyo. Michoro ya miambani ya Kondoa iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2006 na inastahili kuonwa, lakini kuifikia ni kupanda mawe kwa misuli ileile mnayotaka kuipumzisha. Kolo iko kaskazini mwa Kondoa, kando ya barabara yenu ya kwenda Babati. Simameni hapo kesho yake, mchukue kiongozi kwenye ofisi ya mambo ya kale, na asiwepo wa kumwagia mchoro maji ili ung'ae kwenye picha, kwa maana maji huuharibu.

Michubuko osha kwa maji na sabuni, kausha kwa kupapasa, vaa kitenge au gauni pana mchana kutwa ili ngozi ipate hewa. Mafuta ya mgando ni ya asubuhi ya kuondoka, usiyapake kwenye ngozi yenye unyevu ukalala nayo. Kama kuna usaha au uvimbe wa moto, nenda zahanati, na kesho yake panda gari la kusindikiza. Kwa misuli, endesha taratibu dakika 20 jioni, bila mlima.

Kula vya kutosha: ugali wa uwele na mlenda, karanga, viazi vitamu, maziwa. Maji ya visima vya wazi baada ya mafuriko hubeba uchafu wa juu. Yachuje kwa kitambaa kilichokunjwa, kisha uyachemshe mpaka yatokote kwa dakika nzima. Anayeharisha apewe lita moja ya maji hayo yakishapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, anywe kidogo kidogo.

Wachangiaji wametuahidi fedha kwa kila kilomita ya Dodoma hadi Babati. Mvua ikitusimamisha siku ya ziada, tufidie kwa kuendesha umbali wa siku mbili kwa siku moja? — Mweka hazina, Chamwino

Msifidie. Dodoma hadi Babati ni kilomita zipatazo 250 hata mkichelewa, na mchango hautapungua. Waandikieni wachangiaji siku hiyohiyo mseme mko wapi na mtaondoka lini. Kitabu cha risiti kifungwe kwenye mifuko miwili ya plastiki na kiwekwe kwenye gari, kisilale hemani.