Mashine Yako Haifikiri Polepole, Inasubiri

Swali: Habari kaka. Nina laptopu niliyoinunua 2014, nikiiwasha naenda kufanya mambo mengine narudi bado kiduara kinazunguka tu, nikifungua brauza inaganda. Kila ninayemuuliza ananiambia hiyo imezeeka, nunua yenye chipu ya AI maana ndo zinazokuja. Mi naipenda hii mashine, kibodi yake nzuri na miaka yote haijaniangusha. Ni kweli imekwisha?

Jibu: Haijaisha ndugu yangu, tena naomba usiitoe kwa mtu kabla hujafanya hili jambo moja dogo. Iwashe, iache itulie, alafu fungua Task Manager, ile programu ya Windows inayoonyesha mashine inafanya nini, utazame mistari miwili tu, wa prosesa, ule ubongo wa mashine, na wa diski inakotunza mafaili. Karibu kila mashine ya umri huo niliyowahi kuishika nimekuta kitu kilekile, prosesa iko asilimia 8 au 10 imekaa tu, diski iko asilimia 100 inahema. Yaani kichwa hakina kazi, kinasubiri kuletewa.

Na hili ndo jambo ambalo ningetamani kila mwenye kompyuta alijue, manake likikukaa utaelewa mambo mengi sana ya hizi mashine, za zamani na hizo zinazokuja. Prosesa ya gigahezi 2 inapiga mapigo bilioni 2 kwa sekunde, kwa hiyo pigo moja ni nusu nanosekunde, kitu ambacho akili haiwezi hata kukipiga picha. Sasa tufanye hivi, kila pigo moja tulihesabu kama sekunde moja ya maisha yetu. Kitu kikiwa kwenye kashe, ile kumbukumbu ndogo iliyomo ndani ya prosesa yenyewe, prosesa inakipata kwa sekunde 4 hivi, ni kama kunyoosha mkono mezani. Kikiwa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kazi unayoifanya sasa, inasubiri kama dakika 3. Kikiwa kwenye SSD, diski ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka, inasubiri siku 2 na kidogo. Kikiwa kwenye hadidiski ya kuzunguka, ile ya mizunguko 5400 kwa dakika, kichwa cha kusomea kisogee kwanza kifike kwenye mstari wake alafu kingoje sahani izunguke mpaka data ipite chini yake, hapo milisekunde 15 zimeondoka, na kwa hesabu yetu hiyo ni karibu mwaka mzima. Mwaka! Kwa faili moja dogo. Na ukiiwasha mashine inataka maelfu ya vifaili vidogovidogo vilivyotawanyika huku na huku, sasa wewe fikiria hiyo prosesa inavyoteseka.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kutoa hadidiski na kuweka SSD, laptopu nyingi za miaka hiyo zinapokea ile ya inchi 2.5 yenye plagi ya SATA bila shida yoyote. Chukua bakapu kwanza, sisemi kwa kupamba, chukua bakapu. Alafu zima kabisa, chomoa chaja, toa betri, na kama betri iko ndani basi ukishafungua tu chomoa waya wake kwenye bodi kabla hujagusa kingine. Skrubu zipange kwenye karatasi uliyochora umbo la laptopu, kila skrubu mahali ilipotoka, maana hazilingani urefu na ukiingiza ndefu penye fupi unaweza kutoboa kitu upande wa pili. Ukiwa humo ndani tazama feni. Niliyofungua mwezi uliopita ilikuwa na vumbi limeshikana kati ya feni na zile bati nyembamba za kupoozea, nikalibandua na kibano likatoka kipande kizima kama kitambaa, na gundi ya joto juu ya prosesa ilikuwa imekauka inavunjika kama chaki. Mashine ya namna hiyo ikipata moto inajipunguza mapigo yenyewe isiungue, wewe unaona uzee kumbe ni pumzi.

RAM kama ni gigabaiti 4 ongeza ifike 8, manake ikijaa mashine inaanza kuhamishia vitu diski, na tumeshaona diski ni mbali kiasi gani.

Kuhusu chipu ya AI, ile ni sehemu ya kupiga hesabu za kuzidisha na kujumlisha kwa wingi mno huku ikitumia umeme kidogo, inasaidia mambo kama kufuta kelele kwenye simu ya video, ila haitafungua brauza yako haraka hata kidogo. Kilicho cha maana zaidi kwako ni kwamba Windows 10 ilifika mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, kipengele cha usalama cha mashine, na prosesa mpya kuliko yako, hivyo mashine haimo kwenye orodha yao. Mi ningekuwekea Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Linus Torvalds aliianza 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki na mpaka leo inaheshimu mashine za zamani kuliko mfumo mwingine ninaoufahamu. Ijaribu kwanza kutoka kwenye flashi bila kufuta kitu, ukiona waifai na sauti vinafanya kazi ndo uiweke.

Swali: Kaka, miaka ya 2000 mwanzoni tulikuwa tunasifiana gigahezi, mara 1, mara 2, mara 3. Mbona sasa hivi bado ni hizohizo 3, 4, 5? Teknolojia imesimama?

Jibu: Swali zuri mno hili, na linanipa raha kwa sababu nilikuwa mmoja wa wale waliokuwa wanahesabu. Mwaka 2004 kampuni ya Intel walitoa prosesa ya Pentium 4 ya gigahezi 3.8, na mwaka huohuo wakaifuta ile ya 4 waliyokuwa wameahidi. Kilichowazuia ni moto. Zamani ukiipunguza transista, kile kiswichi kidogo cha umeme kinachounda chipu, unapunguza na volti yake, kwa hiyo unaongeza mapigo na joto linabaki lilelile, ila ilifika mahali volti ikagoma kushuka zaidi, kila ukiongeza mapigo unapata jiko. Ndo wakageukia kuweka viini vingi, viwili, vinne, vinane, badala ya kimoja kinachokimbia. Transista hazijaacha kuongezeka, ile Intel 4004 ya 1971 ilikuwa nazo 2,300 hivi na chipu kubwa za leo zina makumi ya bilioni, na sehemu nzuri ya hizo transista inaenda kwenye kashe, yaani wahandisi nao wanapambana na kusubiri kulekule nilikokueleza hapo juu.

Swali: Mi ni mwanafunzi, nasikia unaweza kuwa na AI ya kuchati ndani ya kompyuta yako bila intaneti kabisa. Inawezekana au ni maneno tu? Yangu ina RAM gigabaiti 16, haina kadi ya grafiki.

Jibu: Inawezekana mdogo wangu, na ukiiona mara ya kwanza inaandika huku waifai umeizima utatabasamu peke yako.

Modeli ya lugha, yaani hiyo AI ya kuchati, ukiitazama kwa karibu ni faili moja kubwa la namba. Modeli ya vigezo bilioni 7, yaani namba bilioni 7, kila kigezo ukikiandika kwa biti 16, ambazo ni baiti 2, unapata gigabaiti 14, kwako haikai vizuri. Lakini watu waligundua unaweza kuzikunja hizo namba ziwe za biti 4 na modeli bado ikaongea vizuri, inapoteza kidogo tu, ndo inashuka mpaka gigabaiti 3.5 na ushee. Hapo RAM yako inatosha na nafasi inabaki.

Sasa kasi. Ili kutoa kila kipande cha neno mashine inabidi ipitie hizo namba karibu zote, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, alafu kipande kinachofuata inaanza upya. RAM ya aina ya DDR4 3200 ikiwa vijiti viwili inapitisha gigabaiti 51.2 kwa sekunde, ukigawa kwa 3.5 unapata vipande 14 hivi kwa sekunde, na hiyo ni dari, kiukweli utapata chini ya hapo. Kama una kijiti kimoja tu dari inashuka nusu, kwa hiyo angalia hilo kabla hujailaumu prosesa! Kadi ya grafiki ya RTX 3060 inapitisha gigabaiti 360 kwa sekunde ndo maana inatiririka. Umeona? Hata huku kwenye AI tunarudi palepale, kuhesabu kumekuwa rahisi, kazi ni kuzileta hizo namba.

Anza na modeli ndogo ya vigezo bilioni 3, ikikukolea panda. Na usiiamini kwenye tarehe na majina ya watu, modeli ndogo inatunga kitu kisichokuwepo kwa sauti ileile inayosemea ukweli, thibitisha mwenyewe.

Na usivunjike moyo kwa kutokuwa na mashine kubwa. Ile modeli ya AlexNet iliyoshtua watu 2012 kwenye kutambua picha ilifundishwa kwa kadi mbili za GTX 580, za kuchezea magemu, kila moja na gigabaiti 3 tu za kumbukumbu.

Swali: Kompyuta za kwantamu zitazimaliza hizi zetu?

Jibu: Hapana dada. Hizo ni kompyuta zinazohesabu kwa kutumia tabia za ajabu za chembe ndogo sana. Nyingi kati ya hizo zinafanya kazi kwenye baridi iliyo karibu kabisa na sifuri halisi, baridi ambayo hakuna inayoizidi, na uzuri wake uko kwenye mahesabu ya aina chache. Moja ya hizo ni kuvunja namba kubwa katika vigawo vyake, njia aliyoionyesha Peter Shor 1994, na usiri mwingi wa mtandaoni umeegemea ugumu wa kazi hiyo. Ndo maana taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa Agosti 2024 viwango vya kwanza vya usiri wa kuhimili mashine hizo. Wewe sasisha programu zako tu, mengine yatakufikia humo.

Swali: Desktopu yangu kila nikiiwasha saa inarudi miaka ya nyuma, alafu kila tovuti inaniambia si salama. Nimepata virusi?

Jibu: Si virusi. Tovuti zinakuja na cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, mashine yako ikidhani tuko miaka kumi iliyopita inaona cheti bado hakijaanza, inakataa. Kwenye bodi kuna kibetri cha duara kama sarafu, CR2032, ndicho kinachoilinda saa umeme ukikatika, na chako kimekwisha. Zima, chomoa waya wa umeme, sukuma kile kishikizo cha pembeni kibetri kitaruka chenyewe, weka kipya upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Washa urekebishe saa, alafu zima tena uchomoe waya ulale nayo hivyo, asubuhi uiwashe kitu cha kwanza utazame saa.