Mashine ya nyasi inazima nikifungua choki

SWALI: Habari fundi. Mashine yangu ya kukata nyasi, ya petroli, ilikaa stoo miezi minne. Sasa inawaka choki ikiwa imefungwa tu. Nikiifungua inakohoa na kuzima. Plagi nimeweka mpya, bado. Jirani anasema ringi zimekwisha. Ni kweli? Na huduma ya kawaida niifanyeje?

JIBU: Ringi, zile pete za pistoni, ziache kwanza. Zikiisha, injini hutoa moshi wa buluu na kula oili, nawe hujataja moshi. Ugonjwa umeutaja mwenyewe: inaishi kwa choki. Choki ni kilango cha hewa; ikifungwa hewa hupungua na petroli huvutwa kwa nguvu zaidi. Ikifunguliwa, petroli inayopita haitoshi. Hapo jeti, yaani katundu ka kupitishia petroli kwenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), imeziba. Petroli ikikaa zaidi ya mwezi huanza kuharibika. Ile nyepesi huruka, na inayobaki huganda kama gundi ya rangi ya chai, inanuka vanishi.

Fanyia kazi nje, mbali na moto. Chomoa waya wa plagi, funga koki ya petroli, weka kopo chini ya kabureta, kisha fungua nati iliyo chini ya kikombe chake. Usiitupe pembeni! Kwenye mashine nyingi nati hiyo ndiyo jeti yenyewe, ina katundu kadogo. Iinue kwenye mwanga. Usipoona mwanga ukipenya, mwizi umempata. Chukua uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya laini wa umeme, upitishe taratibu, kisha puliza dawa ya kusafishia kabureta. Sindano hapana. Chuma hupanua tundu, na baada ya hapo injini itakunywa petroli mpaka ununue jeti nyingine. Mwaga petroli yote ya zamani kwenye chombo, tia mpya.

Kuhusu huduma, oili mimi hubadilisha kila baada ya saa 25 za kazi, injini ikiwa na joto kidogo ili uchafu utoke nayo. Mashine nyingi za kusukuma hutumia oili ya uzito wa SAE 30, ila kitabu chake ndicho mwamuzi. Chujio la sponji lioshe kwa sabuni, likauke kabisa, ulipake oili kidogo na kulikamua. La karatasi likung'ute tu, likichakaa weka jipya.

Unapoilaza kunoa kisu, waya wa plagi uwe umechomolewa, na upande wa chujio la hewa uwe juu. Wengi hulaza kinyume, oili inamiminika kwenye chujio, kisha wananipigia simu kwamba mashine inatoa moshi mweupe. Kisu kilichonolewa kining'inize kwenye msumari kwa tundu lake la kati; kikilalia upande mmoja, noa upande huo tena, la sivyo mtetemo utaila shafti.

Na safari hii, kabla ya kuirudisha stoo, funga koki ukiwa bado nje, uiache iungurume mpaka izime yenyewe.