Maswali na majibu: Toleo la mwisho liwe la mwisho

Barua za safari hii zote zinahusu jambo moja: mfululizo wa katuni za mashujaa unavyofungwa. Nimechagua chache.

Superman alikufa katika toleo la mwisho la mfululizo upi?

Hakuna. Swali hili linarudi kila mara na jibu ni lile lile. Alikufa katika Superman namba 75, Novemba 1992, mfululizo ukiwa bado unaendelea, na mwaka uliofuata alikuwa hai. Kifo cha namna hiyo ni tangazo la biashara. Na wewe unayelitunza toleo hilo ndani ya mfuko wake mweusi ukingoja lipande bei, ujue kwamba yalichapishwa mamilioni na wengi wameyatunza kama wewe. Lifungue ulisome.

Toleo la mwisho linatakiwa kuwa na nini hasa?

Lijibu swali lililoulizwa na toleo la kwanza, basi. Tazama Starman, mfululizo ulioandikwa na James Robinson, ulioanza 1994. Jack Knight ni muuza vitu vya kale asiyetaka kabisa kurithi kazi ya ushujaa ya baba yake. Anaingia kwa sababu ndugu yake, David, ameuawa. Swali ni moja: kazi hii ataibeba hadi lini, na kwa ajili ya nani? Namba 80, mwaka 2001, haina vita, kwa kuwa vita kubwa imekwisha matoleo kadhaa nyuma. Jack anaaga watu wake, fimbo yake yenye nguvu inabaki kwa binti Courtney Whitmore, na Jack anaondoka Opal City, mji wake, kwenda kulea mtoto. Waandishi wengi wangelijaza toleo hilo ngumi na milipuko. Wachapishaji wake, DC, walipotoa namba 81 mwaka 2010, Robinson ndiye aliyeandika, na Jack hakumrudisha. Huko ndiko kuheshimu mwisho.

Je, ni lazima shujaa afe?

Si lazima, ila akifa, kifo kiwe uamuzi wake. Doom Patrol, mfululizo wa kundi la mashujaa, namba 121, mwaka 1968, bado haijapata mpinzani. Mauzo yameanguka, na mhariri Murray Boltinoff amechorwa mle mle kurasani akizungumza na msomaji. Kisha adui, Kapteni Zahl, anawawekea mashujaa wanne chaguo: wafe wao, au wafe wakazi 14 wa Codsville, kijiji cha wavuvi ambacho hakuna anayekijua. Hawabishani. Wanachagua kufa wao. Idadi ile ndogo ndiyo inayoniuma, maana ingekuwa dunia nzima kila mtu angekubali. Kilichoniudhi ni kilichofuata: kufikia 1977 Robotman, mmoja wa wale wanne, alikuwa ameshafufuliwa, na wenzake wakafuata mmoja mmoja.

Kuna ubaya nikisoma toleo la mwisho kwanza, nijue kama mfululizo unafaa?

Upo. Usifanye hivyo.

Mbona namba zinarudi kwenye 1 kila baada ya muda?

Kwa sababu namba 1 inauza. Action Comics, jarida la Superman, ilifika 904 mwaka 2011, ikaanzishwa upya kwenye 1, ikaenda hadi 52, halafu mwaka 2016 ikarukia 957 ili iwahi kugonga 1000 mwaka 2018. Hapo toleo la mwisho linakuwa mlango tu wa kuingilia duka jipya. Msiwalaumu waandishi peke yao. Shujaa ni mali ya kampuni, na mwenye mali haoni faida ya kumstaafisha. Kabla ya kulilia mwisho mbaya, angalia haki za mhusika ziko kwa nani.

Mfululizo ukikatwa ghafla, mwandishi afanye nini?

Atumie kurasa alizopewa. Amazing Fantasy namba 15, Agosti 1962, lilikuwa toleo la mwisho la jarida hilo. Mwandishi Stan Lee na mchoraji Steve Ditko walilitumia kumtambulisha Spider-Man kwa hadithi ya kurasa 11, na Machi 1963 akawa na jarida lake. Kinyume chake ni Omega the Unknown: ilikatwa kwenye namba 10, mwaka 1977, mafumbo yakiwa wazi, na mtu mwingine akaja kuyafunga ndani ya mfululizo mwingine, The Defenders. Wanaoipenda hawajaridhika hadi leo, na wana haki.

Upo mfululizo uliokwisha kweli kweli?

Invincible, 2003 hadi 2018, matoleo 144. Mwandishi Robert Kirkman na mchoraji Cory Walker walimiliki walichokibuni, kwa hiyo walipoamua basi, ikawa basi. Toleo la mwisho ni nene, linaruka miaka mingi mbele, na kila deni la hadithi linalipwa. Sikutobolei zaidi ya hapo. Wala usitegemee katuni ya televisheni iliyoanza 2021 kama njia ya mkato. Anza namba 1.