Hela ya marehemu kaka naiogopa hata kuigusa

"Shikamoo shangazi. Kaka yangu alifariki Machi 2024 hapa Houston akiwa na miaka 66, mimi sasa nina 58. Akaunti yake ya kustaafu, hizi wanaita IRA, aliniandika mimi mrithi. Mwisho wa ule mwaka ilikuwa na dola 86,700 na sijatoa hata senti, nikiwaza kutoa naona kama namla kaka mwenyewe. Barua zao narundika juu ya friji bila kufungua. Tanga wanataka nitoe zote tujenge. Juzi jirani kanambia nimeshachelewa, kuna faini. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu, pole sana kwa msiba. Kwanza jirani yako hajakosea, ila asikutie presha.

Iko hivi, tangu 2020 warithi wengi wanapewa miaka 10 tu akaunti iwe tupu, lakini ndugu ambaye marehemu hajampita zaidi ya miaka 10 anaruhusiwa kutoa kidogo kidogo maisha yake yote, na nyie mmepishana 9, hapo umepona. Sharti ni kila mwaka utoe kiasi, na cha kwanza kilitakiwa kitoke kabla 2025 haijaisha. Hesabu yenyewe sio ngumu, mwaka huo ulikuwa unatimiza 58 na jedwali la IRS, wale watu wa kodi wa Marekani, kwa umri huo linasema 28.9, gawa 86,700 kwa hiyo unapata dola 3,000. Mwaka huu unagawa kwa 27.9 salio la Desemba iliyopita, mwakani 26.9, unapunguza moja moja hivyo hivyo.

Faini ni asilimia 25 ya ulichotakiwa kutoa, yaani dola 750, ukirekebisha ndani ya miaka miwili inashuka mpaka 10, yaani 300. Na hata hiyo unaweza kuomba usamehewe, toa hiyo 3,000 sasa hivi, jaza fomu 5329, ambatanisha barua fupi useme ukweli, ulikuwa na msiba ukashindwa hata kufungua bahasha. Wanasamehe, sio mashetani wale.

Sasa hao wa Tanga. Ukitoa zote kwa mpigo zinahesabika mshahara wako wa mwaka mmoja (labda iwe ile aina ya IRA inayoitwa Roth, hiyo kodi kaka alishalipa), kodi itakula kipande kikubwa halafu nyumba iishie kwenye linta, tumeziona nyingi. Waambie inatoka kidogo kila mwaka, wasubiri. Na usikubali kuandikiwa cheki eti ukaiweke kwenye akaunti yako ya kustaafu, kwa ndugu haikubaliki, ikishatoka imetoka, akaunti inabaki na jina la kaka na lako kama mrithi.

Hilo la kumla kaka, mdogo wangu, kalamu alishika mwenyewe akaandika jina lako, na alikuwa anawajua wote. Jumamosi chemsha chai, shusha hizo bahasha, anza na ya juu kabisa.