Simu zinakwaruza, kompyuta zimekwama: kamera zimeingia foleni isiyo yake

SWALI: Ndugu mhandisi, swichi ya mtandao ya ghorofa yetu inahudumia simu 30 za mtandao, kamera 24 za ulinzi na kompyuta za wafanyakazi, na imeunganishwa na swichi kuu kwa waya mmoja wa megabiti 100 kwa sekunde. Sauti za simu zilikuwa zikikatika, nikaziweka simu na kamera katika foleni ya kipaumbele cha juu kabisa. Sasa kompyuta zimekwama, na simu bado zinakwaruza mara mojamoja. Nimekosea wapi?

JIBU: Simu ulizitendea haki, ndugu yangu, kosa ni kuzichanganya na kamera. Foleni hiyo huhudumiwa kwanza daima, na swichi haigeukii foleni nyingine mpaka ile iwe tupu, kwa hiyo chochote unachokiingiza humo sharti kiwe kidogo. Simu moja inayotumia kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 kwa kawaida hutuma pakiti, yaani vipande vidogo vya data, 50 kila sekunde na kuchukua takriban kilobiti 87, hivyo simu zote 30 zikiongea kwa pamoja hazifiki megabiti 3. Kamera 24, ikiwa kila moja imepangiwa megabiti 4, zinafika 96. Kompyuta zimeachiwa megabiti moja na ushei, na pakiti ndogo ya sauti inapofika hukuta msururu wa pakiti za picha umeitangulia. Huko ndiko kukwaruza unakokusikia.

Iache sauti peke yake katika foleni hiyo, kwa alama ya DSCP 46 (namba ya kipaumbele inayoandikwa kwenye kila pakiti), na uiwekee kikomo, tuseme megabiti 5, maana kompyuta nayo inaweza kujipachika alama ileile. Kamera na kompyuta zigawane kinachobaki kwa zamu zenye uzito, yaani kila kundi lipate sehemu uliyolipangia, na kama swichi yako inaweza kuhesabu zamu kwa baiti, chagua hivyo, kwa sababu zikihesabiwa kwa idadi ya pakiti, mwenye pakiti kubwa huwapunja wenzake.

Lakini mpangilio wowote wa foleni hauongezi upana wa waya. Kabla ya kugusa uzito wa zamu, punguza kamera hadi megabiti 2 kila moja, zitumie 48, au weka kiungo cha gigabiti 1, jambo ambalo mimi ningelifanya kwanza. Kisha, saa za kazi nyingi, soma kihesabu cha pakiti zilizotupwa katika kila foleni: cha sauti kikipanda juu ya sifuri, tafuta kifaa kinachojipachika alama 46 kabla ya kuongeza kikomo.