Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Mti Uleule Upimwe Tena na Tena?

SWALI: Agosti iliyopita nilizuru msitu wa Kakamega pamoja na wanafunzi wenzangu, tukaona miti yenye vibao vidogo vya bati vilivyoandikwa nambari. Aliyetuongoza alisema kwamba watafiti hurudi kila baada ya miaka kadhaa kuipima upya. Je, kazi hiyo ina haja gani siku hizi, ilhali setilaiti hupiga picha za msitu mzima? – Msomaji wa Buruburu, Nairobi.

JIBU: Ndugu msomaji, setilaiti hutufaa sana kuonyesha jinsi msitu unavyomegwa na mashamba, lakini inachokiona zaidi ni vilele vya miti mikubwa. Miche iko chini, kivulini, na ndiyo itakayotujulisha kama msitu huo utajirithi wenyewe. Isitoshe, miti mingi ya misitu ya mvua haina pete za mwaka za kutegemewa ndani ya shina, kwa hiyo njia ya hakika ya kujua kasi ya kukua kwake ni kuupima mti, kuusubiri, kisha kuupima tena.

Mfano mzuri uko Panama, katika kisiwa cha Barro Colorado, ambacho kilikuwa kilima kabla ya mto Chagres kuzibwa kwa ajili ya mfereji wa meli. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Stephen Hubbell na Robin Foster walipima hekta 50 za msitu huo na kuorodhesha kila shina lenye kipenyo cha angalau sentimita 1, likipimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Mashina yalizidi 200,000, ya spishi 300 hivi, na tangu mwaka 1985 hesabu hurudiwa takriban kila miaka mitano. Mti wenye mizizi iliyosimama kama kuta hupimwa juu ya mizizi hiyo, hata kama ni lazima kupanda ngazi.

Subira hiyo imezaa matunda. Daniel Janzen, mwaka 1970, na Joseph Connell, mwaka 1971, walidai kwamba mbegu iangukayo karibu na mama yake huwa hatarini zaidi, kwa sababu wadudu na kuvu wanaoishambulia spishi hiyo wamejaa hapo. Watafiti wa Barro Colorado walitega nyavu za kukingia mbegu, wakazilinganisha na miche iliyoota, na mwaka 2000 wakachapisha matokeo ya spishi 53: katika zote, mbegu zilipolundikana, sehemu ndogo zaidi ndiyo iliyofikia kuwa miche.

Ndiyo maana wanyama nao huhesabiwa. Kima na hondohondo hula matunda na kuzipeleka mbegu mbali. Wakimalizwa na wawindaji, picha itaendelea kuwa ya kijani kibichi kwa miongo mingi huku miche ikipungua. Hapo Kakamega, Marina Cords amewafuatilia kima tangu mwaka 1979, na kwangu mimi hiyo ni hazina ambayo hakuna chombo cha angani kinachoweza kuirudisha ikikatizwa.

Kuhusu vile vibao, tafadhali waombe wenzako wasivibandue. Nambari ikipotea, mtafiti anayerudi hawezi tena kuwa na hakika kwamba shina analolipima ndilo lililopimwa awali, na vipimo vya miaka yote iliyotangulia hukosa mwenyewe.